Sahihi Kabla ya Kuwaka

Sisi watu wa Kyela twajua jina peke yake halitoshi: mchele wa mabonde mengine huuzwa mijini kwa jina letu. Kompyuta nazo zilianza kwa kuamini tu. Ile ya IBM ya mwaka 1981 ilipowashwa ilisoma baiti 512 za kwanza za diski na kuzitii, bila kuuliza zimetoka kwa nani. Mwaka 1986 kirusi kiitwacho Brain kilijificha papo hapo. Walikitunga ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, nao (ajabu!) waliandika humo anwani na simu yao.

Dawa ilichelewa. Tangu ilipotoka Windows 8, mwaka 2012, kompyuta mpya huja na programu ndani ya chipu inayokagua sahihi ya programu ya kuwashia. Ikibadilishwa herufi moja tu, sahihi haikubali, na mashine hugoma. Hilo nalisifu. Linalonikera ni mwenye funguo: hata Linux niliyoiweka kwenye kompyuta yangu huwaka kwa sahihi ya Microsoft, chini ya cheti cha 2011 ambacho muda wake ulipangiwa kwisha Juni 2026. Ukaguzi huo naweza kuuzima. Nimeuacha, maana flashi za hapa mjini hupita mikono mingi.