Gari la V8 linakata nguvu ukikanyaga mafuta? Pima haya kabla ya kununua kabureta

Linawaka vizuri. Linanguruma taratibu kwenye foleni, na ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa huoni tatizo lolote. Unakanyaga mafuta mpaka mwisho ili ulipite lori, gari linavuta sekunde tatu au nne hivi, halafu nguvu zinakatika ghafla ukiwa bado upande wa wanaokuja. Ukiachia pedali, baada ya muda mfupi linapata nguvu tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hiyo ni dalili ya injini inayokosa mafuta. Kwenye magari ya Kimarekani ya miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, yale ya V8 ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli, ni ugonjwa wa kawaida kabisa. Shida ni tiba: wengi hukimbilia kununua kabureta mpya, kumbe kabureta haina kosa. Na kuendelea kuendesha hivyo hivyo si salama hata kwa injini, kwa sababu injini inayopata hewa nyingi na petroli kidogo huku imebeba mzigo mkubwa inaweza kuunguza pistoni.

Tuchukue mfano wa Pontiac GTO ya 1969, yenye injini ya kawaida ya lita 6.6 na kabureta ya Rochester Quadrajet.

Kwa nini tatizo halionekani mjini

Aliyewahi kumuona fundi wa bodaboda akifungua kabureta anakijua kile kibakuli cha chini chenye floti. Hapa mambo ni yale yale, ila kila kitu ni kikubwa. Petroli inavutwa kutoka tanki la nyuma na pampu iliyofungwa kwenye injini, inapita kwenye chujio, inaingia kwenye bakuli la kabureta. Bakuli likijaa, floti inapanda na kufunga njia.

Sasa angalia hesabu. Kwa mwendo wa kawaida barabarani injini hii inakunywa kama robo lita kwa dakika. Ukikanyaga mpaka mwisho, inataka zaidi ya lita moja kwa dakika. Pampu iliyochoka inayoleta nusu lita kwa dakika itakupeleka kazini na kukurudisha mwaka mzima bila lawama. Siku utakayokanyaga kweli, injini itamaliza kwanza akiba iliyo kwenye bakuli, na bakuli la Quadrajet ni dogo. Zile sekunde tatu, nne za nguvu ndizo hiyo akiba.

Kwa hiyo muda ni ushahidi. Gari linalokwama papo hapo unapogusa pedali, kisha linachangamka, mara nyingi lina shida kwenye kipampu cha kuongeza kasi kilichomo ndani ya kabureta. Linalovuta kwanza halafu likafa, bakuli linaishiwa.

Kipimo cha bure

Tafuta sehemu salama isiyo na magari. Lifanye gari likatike nguvu, simama pembeni na uzime injini mara moja. Usiliache lingurume, maana dakika moja tu inatosha kulijaza bakuli tena na kukufutia ushahidi. Funua chujio la hewa, chungulia ndani ya kabureta, kisha vuta waya wa mafuta kwa mkono. Ukiona michirizi miwili yenye nguvu ya petroli, bakuli lina mafuta, nenda kwenye umeme: koili, kondensa na pointi za distribyuta. Koili mbovu ikipata joto inaweza kuiga dalili hizi vizuri sana. Usipoona kitu, au ukaona tone tone tu, tatizo liko kati ya tanki na bakuli.

Hapa kuna jambo moja la kukataa hata kama fundi atalisisitiza: kumimina petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mwenzako anapiga stata. Injini ikirudisha moto juu, unalipuka usoni mwako.

Presha si kila kitu

Hatua inayofuata inahitaji geji ya bei nafuu na chupa imara yenye alama za ujazo. Pampu za aina hii zinatakiwa kutoa presha ya kati ya 4 na 7 psi. Lakini usiishie hapo. Bomba lililoziba nusu linaweza kuonyesha presha nzuri tu pale ambapo petroli haitiririki kwa kasi. Kinachosema ukweli ni ujazo.

Acha injini ipoe kabisa, chomoa waya mkubwa wa koili na uuunganishe kwenye chuma cha injini ili isiwake, fungua bomba kwenye kabureta na ulielekeze ndani ya chupa kwa mpira mrefu. Weka kizima moto karibu, na mtu wa sigara akae mbali. Piga stata kwa awamu fupi fupi zinazofika jumla ya sekunde 30. Unatarajia takriban nusu lita. Ukipata robo, umeshapata jibu la nusu ya swali: mafuta hayafiki.

Kabla ya kuilaumu pampu, fungua ile nati kubwa inayoingiza petroli kwenye Quadrajet. Nyuma yake kuna chujio dogo ambalo wamiliki wengi hawajui kama lipo, hasa kama mtu aliwahi kuweka chujio lingine kwenye bomba. Tumia spana mbili, kwa sababu nyuzi za kabureta ni za chuma laini na zikiharibika hapo ndipo utalazimika kununua kabureta kweli.

Chomoa pia stiki ya oili uinuse. Ikinuka petroli, utando wa mpira ndani ya pampu huenda umepasuka na mafuta yanashuka kwenye oili. Usiliwashe tena mpaka ubadilishe vyote viwili.

Upande wa kunyonya

Hii ndiyo sehemu inayowachosha mafundi. Kwa kuwa pampu iko mbele, njia yote kutoka tanki inanyonywa, haisukumwi. Mpira ukipata ufa huko nyuma, huenda usione hata tone sakafuni. Badala ya petroli kutoka, hewa inaingia. Petroli ya sasa ya Marekani kwa kawaida ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Inalainika, inavimba kwa ndani, wakati nje inaonekana nzima. Badilisha yote, hata kile kipande kifupi juu ya tanki, na uulize dukani mpira unaovumilia ethanoli. Ndani ya tanki kwenyewe kuna kichujio cha wavu kwenye bomba la kunyonyea. Gari lililolala miaka kumi shambani hukiziba kwa kutu.

Halafu kuna mfuniko wa tanki. GTO hii ilitoka na mfuniko unaopitisha hewa. Kuanzia 1970 California, na 1971 Marekani nzima, magari yalianza kuwekewa mfumo wa kuzuia mvuke wa petroli, na mifuniko yake ni ya kubana. Mtu akinunua mfuniko wa gari la baadaye kwa sababu tu umekaa vizuri, pampu inanyonya, hewa haiingii, na tanki linajivuta lenyewe ndani. Gari likikata nguvu, fungua mfuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari likapona hapo hapo, umemaliza kazi kwa bei ya mfuniko mmoja.

Likikataa siku za joto tu, hasa baada ya kuzimwa dakika chache na kuwashwa tena, shuku petroli kuchemka kwenye bomba lililopita karibu na eksozi. Lisogeze au likinge na joto.

Ikiwa ujazo ni mzuri na bakuli bado linaishiwa, sasa ndipo unafungua kabureta: kimo cha floti, na sindano inayofungua njia ya petroli kama inakwama.

Kuhusu pampu ya umeme ambayo wauzaji wataisifia, angalia namba. Pampu zilizotengenezwa kwa magari ya injeksheni husukuma presha mara nyingi zaidi ya inayotakiwa hapa. Sindano ya floti haiwezi kuizuia, na petroli itamwagika juu ya injini yenye moto. Ukiweka ya presha ndogo inayofaa kabureta, weka na swichi inayoikata injini inapozima, la sivyo ukipata ajali itaendelea kumwaga.