Hongo, Reli na Basi: Nani Huulizwa Njia Inapopita Ugogo?

Kuirefusha njia ya basi ili iingie ndani ya mitaa ya watu ni jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa la madiwani na madereva, si la wapenzi wa ushairi na historia. Basi lilikuwa likiishia barabara kuu. Sasa latakiwa lifike kwenye nyumba za nyuma. Wakaazi wanaitwa mkutanoni kutoa maoni, mmoja anataka, mwengine hataki, na karani anaandika. Lakini jambo hili likitazamwa kutoka Dodoma, katika uwanda wa kati wa Tanzania, swali lililomo ndani yake huonekana kuwa kongwe mno. Anayepita ana haki gani juu ya ardhi ya anayekaa? Na anayekaa huulizwa lini, na nani, na akikataa huwaje? Ugogo umekuwa njia ya wengine kwa zaidi ya karne moja na nusu. Nasi watu wa visiwani hatuwezi kuisoma habari hiyo kama wageni, maana wengi wa wapitaji wa zamani walitoka kwetu.

Hongo

Katika karne ya 19 misafara ya pembe iliyogharimiwa Unguja ilivukia Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikapumzika Mpwapwa, kisha ikaingia katika nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali. Jina lenyewe latoa habari. Kwetu sisi malenga ni bingwa wa nyimbo. Kwa Kigogo malenga ni maji, na maji ya pale yalikuwa machungu. Baada ya nyika hiyo ndipo ilipoanza Ugogo, nchi ambayo mvua zake kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka, nazo hunyesha baina ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufunga. Katika nchi kama hiyo mwenye kisima ndiye mwenye njia.

Basi msafara ulilazimika kusimama. Mtemi wa mahali alidai hongo yake: majora ya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Merikani ilikuwa pamba iliyofumwa Marekani, ikapakuliwa Unguja, ikachukuliwa mabegani hadi kwenye tembe za Wagogo. Mazungumzo yangeweza kula siku kadhaa. Wajumbe walikwenda na kurudi, kitambaa kikakataliwa, kikaongezwa, kikapokelewa. Aliyelipa alipata ruhusa ya kuteka maji, kununua nafaka na kupita kwa amani. Asiyelipa alizuiwa maji, na msafara wa mamia ya watu wenye kiu hauna bunduki iwezayo kuusaidia. Burton na Speke waliopita mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, wote walinung'unika juu ya hongo ya Ugogo. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyetuachia maisha yake kwa maandishi ya Kiswahili, naye aliijua njia hiyo vyema.

Yafaa tulitazame neno lenyewe. Leo mtu akitaja hongo, msikilizaji huelewa rushwa, kitu kinachotolewa gizani ili haki ipinde. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru wa kupita, uliotolewa mchana mbele ya watu, kwa mtu aliyejulikana, kwa ajili ya kitu kilichojulikana. Aliyelipa aliiona kuwa dhulma. Aliyelipwa aliiona kuwa haki ya nchi yake. Lugha tuliyoirithi imehifadhi manung'uniko ya mpitaji kuliko hoja ya mkaazi, na hilo si ajabu, kwa kuwa mpitaji ndiye aliyekuwa akisema Kiswahili na kuandika.

Hata hivyo tusiipambe hongo kupita kiasi. Mtemi hakuwaita watu wote kuwauliza. Mwanamke aliyeamka alfajiri kwenda kisimani akakuta umma wa wageni umekwisha kuyakomba maji hakushirikishwa katika mazungumzo, wala si lazima aliziona nguo zilizolipwa. Na katika misafara hiyo walikuwamo wapagazi waliobeba mizigo si yao, na watu waliofungwa waliokuwa wakipelekwa pwani kuuzwa. Hao hakuna aliyewauliza chochote popote. Lakini hongo ilikuwa na sifa moja ambayo itatufaa mbele: ilimlazimisha mpitaji asimame, amtambue mwenye mahali, na atoe kitu kabla hajapita.

Reli

Wajerumani walikomesha desturi hiyo. Amri yao ya mwaka 1895 ilitangaza kuwa ardhi isiyomilikiwa na mtu ni mali ya dola, na aliyeamua ipi isiyo na mwenyewe alikuwa dola hiyo hiyo. Mwaka 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam, ukafuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ya misafara, ukafika Dodoma karibu na mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Treni haina haja ya kisima cha mtemi kama ilivyokuwa kwa mpagazi, kwa hiyo haikuwa na haja ya kubisha hodi.

Mwaka huo huo wa 1905, Unguja nayo ilipata treni yake ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Ilipita karibu mno na milango ya nyumba za mjini, na ikaacha kuchukua abiria katika miaka ya 1920. Wasomaji waliosikia habari zake kwa wazee wao wataelewa kwamba njia kupitishwa kwenye baraza la mtu bila ya kuulizwa si jambo la bara peke yake.

Ugogo ulilipa zaidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Wajerumani, na baada yake jeshi la Waingereza, yalichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana ikaja njaa ya Mtunya ya baina ya miaka 1917 na 1920, iliyoua watu kwa maelfu. Nchi iliyokuwa ikimsimamisha mpitaji na kumlipisha ilikuwa sasa imo njiani mwa majeshi, haina kauli.

Ngonjera

Katika mwaka njaa hiyo ilipoanza, 1917, upande wa Ihumwa, mashariki ya Dodoma, alizaliwa Mathias Mnyampala. Wapenzi wa ushairi hawahitaji kujulishwa kwake. Alikuwa Mgogo aliyeandika historia na mila za Wagogo kwa Kiswahili, akatunga diwani kwa bahari zilizolelewa pwani, akaongoza UKUTA, na akaipa lugha yetu ngonjera. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka baada yake.

Ngonjera ni majibizano ya kishairi. Mmoja hana habari ya jambo, au analipinga, mwengine analijua, wanabadilishana beti mpaka wapatane. Katika miaka ya Azimio la Arusha skuli na mikutano ya hadhara ilijaa ngonjera, na kwa hakika ilikuwa njia bora ya kuwafikishia watu siasa kwa sauti yao wenyewe. Lakini umbo hilo lina desturi moja ambayo mwanahistoria hana budi kuitaja: mpinzani hushindwa. Huanza kwa ubishi, huelimishwa, na beti za mwisho huzisema pamoja na mwenzake. Hatujapata kuona ngonjera iliyofungwa kwa mtu kusema, nimekusikia, na bado sikubali.

Nalitaja hili kwa sababu mikutano mingi ya kukusanya maoni hufanana na ngonjera. Waandaaji huja na mpango uliokwisha chorwa, wananchi huuliza, wataalamu hujibu, na kumbukumbu za mkutano huandikwa kwamba wananchi walielimishwa na kuridhia. Ubeti wa mwisho ulikuwa umetungwa kabla ya watu kuketi.

Kura na mchoro

Si kila shauri lilikuwa hivyo. Mwaka 1973 TANU ilipotaka kuuhamishia Dodoma mji mkuu, suala lilipelekwa kwenye matawi ya chama. Matawi 1,859 yalitoa kauli: 1,017 yalikubali, 842 yalikataa. Idadi hiyo ya waliokataa yastahili heshima. Katika nchi ya chama kimoja, mbele ya kiongozi mwenye haiba kama Mwalimu Nyerere, karibu nusu ya matawi yalisema hapana, na hesabu ikaandikwa ilivyo. Uamuzi ulipita, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa herufi za CDA.

Lililoulizwa ni kama mji uhamie Dodoma. Halikuulizwa, kwa uzito ule ule, mashamba ya nani yatakuwa mji huo. Mpango mkuu wa mwaka 1976 ulichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ikiongozwa na Macklin Hancock. Ulikuwa mpango wenye nia njema na fikra ya kupendeza. Dodoma isiwe mji wa magari ya wakubwa. Iwe mji wa waendao kwa miguu na wapandao basi. Wakaazi wapangwe katika jamii za watu wapatao 28,000, na njia maalumu za mabasi ziziunganishe jamii hizo, kila nyumba iwe na kituo cha kufikika kwa miguu. Hapa basi halikuongezwa mtaani baadaye. Mtaa ndio uliochorwa kulifuata basi.

Njia hizo hazikujengwa kama zilivyochorwa. Fedha zilipungua, vita vya Kagera na shida za miaka ya 1980 vikaja, na serikali yenyewe ikachelewa kuhama. Watu hawakungoja. Walijenga Chang'ombe na kwengineko kwa kadiri ya uwezo wao, na CDA, iliyoshikilia ardhi yote ya mji na kuwakodisha watu kwa miaka 33, ikawa na ugomvi wa kudumu na wakaazi juu ya viwanja, fidia na bomoabomoa. Mwezi wa Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja, na kazi zake zikakabidhiwa Manispaa, ambayo mwaka 2018 ikawa Jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Ihumwa ya Mnyampala ni jirani wa Mji wa Serikali uliojengwa Mtumba.

Basi mlangoni

Ndipo lilipo swali la daladala. Mji umetawanyika, na basi hupenda barabara kuu yenye lami na abiria wengi. Anayekaa ndani hutembea juani, au hulipia bajaji au bodaboda juu ya nauli ya basi. Kwa mama anayetoka Soko la Majengo na kapu kichwani, kwa mzee anayekwenda hospitali, basi kuingia mtaani ni neema. Kwa jirani yake ambaye ukuta wake umo katika hifadhi ya barabara, neema hiyo hiyo huja na alama ya X. Na kwa yule ambaye watoto wake hucheza mbele ya nyumba, huja na vumbi na hofu. Wote watatu wanasema kweli. Hakuna utaalamu unaoweza kumfanya mmoja wao aseme uongo.

Katiba ya Muungano, katika ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika uamuzi wa mambo yanayomhusu, na ibara ya 24 inazungumzia fidia ya haki kwa anayenyang'anywa mali. Tatizo ni mlango. Leseni ya njia ya basi hutolewa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Barabara ya mtaa imo mikononi mwa TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Barabara kuu ni ya TANROADS, na ardhi na mipango ni ya Jiji. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye watu wanayemjua kwa uso, hana leseni wala greda. Mpitaji wa zamani alijua mtemi ni nani. Mkaazi wa leo, akitaka kusema ndiyo au hapana, hana hakika amwambie nani.

Hapa hongo ya kale yaweza kutufunza, si kwa nguo zake bali kwa utaratibu wake. Kwanza, msafara ulisimama kabla ya kupita. Nayo maoni yafaa yakusanywe kabla ya tingatinga kufika, si baada ya nguzo kuchimbiwa. Pili, mwenye kauli alijulikana. Basi mkutanoni aje mtu awezaye kuugeuza mpango, si wa kuueleza tu. Tatu, kilicholipwa kilionekana. Fidia na kituo cha basi viahidiwe kwa maandishi na kwa tarehe. Na pale hongo ilipokosea, tusikosee tena. Aulizwe mteka maji, yaani mpangaji asiye na hati, mwanafunzi, na mama ambaye mkutano wa saa nne asubuhi humkuta sokoni. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mitaa ya Dodoma ina vitanda vingi ambavyo mchoraji hajapata kuvilalia.

Matawi 842 ya mwaka 1973 yalishindwa, na Dodoma ikawa mji mkuu. Lakini hapana yao imehesabiwa, na hadi leo twaweza kuisoma. Mkutano wa mtaa juu ya basi haudaiwi zaidi ya hapo: waliokataa waandikwe kuwa wamekataa, na sababu zao zisomwe pamoja na uamuzi, hata kama mwisho wa yote basi litapita.