Nyimbo za Kiswahili za Bujumbura: Urithi Uliokosa Kabati

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya nyimbo za Kiswahili za Bujumbura katika historia ya muziki wa Burundi na katika historia ya lugha ya Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba nyimbo hizo hazikukosa ubora wala wasikilizaji. Zimebaki pembeni kwa sababu urithi wa muziki wa Burundi umetambuliwa kwa kigezo cha ngoma na Kirundi, na urithi wa wimbo wa Kiswahili kwa kigezo cha pwani. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa wapangaji wa sera za lugha na utamaduni.

Utangulizi

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Tangu wakati huo Kiswahili kimezungumziwa mara nyingi kama lugha inayoingia nchini: lugha ya soko la pamoja, ya mtaala na ya vikao vya Jumuiya. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilikifanya Kiingereza lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kiswahili hakikuwekwa katika orodha hiyo. Mtazamo wa ugeni una matokeo ya kisera. Lugha inayohesabiwa kuwa ngeni hutafutiwa vitabu, walimu na mifano kutoka nje, ilhali lugha inayohesabiwa kuwa ya wenyeji huulizwa kwanza ina hazina gani nyumbani. Swali hilo la pili halijaulizwa vya kutosha kuhusu Kiswahili cha Bujumbura, na wimbo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mji wa ziwani na lugha yake

Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa hadi uhuru wa mwaka 1962, ilianza kukua ilipofanywa kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Askari, wapagazi na wafanyabiashara waliofika huko walizungumza Kiswahili, ambacho tayari kilikuwa lugha ya biashara katika Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji hadi nchi ya Wamanyema. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mji huo ukawa makao ya utawala wa Ubelgiji wa Ruanda-Urundi. Katika mitaa ya Waafrika, hasa Buyenzi na Bwiza, Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, bandari, msikiti na baraza.

Mitaa hiyo haikuwa kando ya historia ya taifa. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeasisi ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957 na kuuawa tarehe 13 Oktoba 1961, alipata kati ya Waswahili wa Usumbura baadhi ya waungaji mkono wake wa mwanzo. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwapo katika harakati zilizozaa Burundi huru, nusu karne kabla ya nchi kuingia katika Jumuiya.

Mahali pa mji panaeleza muziki wake. Ng'ambo ya ziwa iko Uvira, na njia ya maji kuelekea kusini inafika Kigoma. Rumba ya Kongo na muziki wa dansi wa Tanzania vilikutana Bujumbura; taarabu nayo ilisafiri kutoka pwani hadi Burundi. Mwanamuziki wa mji huo alikuwa na lugha kadhaa mkononi, na kuchagua lugha ya wimbo kulikuwa pia kuchagua msikilizaji.

Santuri moja na kabati la kwanza

Namna dunia ilivyoufahamu muziki wa Burundi inaweza kufuatiliwa hadi kwenye santuri moja. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi nchini humo muziki wa asili, na rekodi hizo zikatolewa mwaka uliofuata na kampuni ya Ocora ya Ufaransa. Humo mlikuwa na ngoma za kifalme, lakini pia mlikuwa na inanga, ala ya nyuzi za juu ya ubao uliochongwa, ambayo mwimbaji wake hunong'ona badala ya kupaza sauti. Mlikuwa vilevile na salamu za wanawake zinazoimbwa kwa kupokezana.

Wanamuziki wa nje walichukua ngoma. Mwaka 1971 rekodi hiyo ya ngoma iliongezewa ala za kisasa na kutolewa Ulaya kwa jina la "Burundi Black". Mwaka 1975 Joni Mitchell aliitumia katika wimbo wake "The Jungle Line", na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdundo huo ulisikika katika muziki wa Adam and the Ants huko Uingereza. Wapiga ngoma wa Burundi wenyewe walishiriki tamasha la kwanza la WOMAD mwaka 1982. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi usioshikika, na mwaka 2017 amri ya rais ikaweka masharti ya upigaji wake, ikiwemo kuwakataza wanawake kuipiga.

Heshima hiyo inastahili. Hata hivyo inaonyesha jinsi kabati la urithi linavyojengwa: kwanza rekodi, kisha umaarufu, kisha orodha, kisha sheria. Kilichokosa hatua ya kwanza ni vigumu kufikia ya nne. Inanga yenyewe, iliyokuwamo katika santuri ileile, ilibaki nyuma ya ngoma. Wimbo wa Kiswahili wa mjini haukuwamo kabisa, kwa kuwa aliyetafuta muziki wa asili hakuwa na sababu ya kuutafuta katika mitaa ya Buyenzi.

Sauti zilizosikika kutoka mbali

Khadja Nin alizaliwa Bujumbura mwaka 1959, akahamia ng'ambo, na akajulikana kama mwimbaji akiwa Ubelgiji. Albamu zake za miaka ya 1990, hasa "Sambolera" ya mwaka 1996, zilipeleka wimbo wa Kiswahili kwa wasikilizaji wa Ulaya ambao wengi wao hawakuielewa lugha hiyo. Mwaka 2018 aliketi katika jopo la majaji wa tamasha la filamu la Cannes.

Wimbo wake "Sina Mali, Sina Deni" unafaa kuchunguzwa na wanaisimu na wanafasihi. Muziki wake unatokana na wimbo "Free" wa Stevie Wonder, uliotolewa mwaka 1987. Kichwa hicho cha Kiingereza kingeweza kutafsiriwa kwa neno moja tu, "huru". Lakini "uhuru", katika Afrika Mashariki, ni neno lililokwisha kubebeshwa bendera, gwaride na hotuba. Kichwa cha Kiswahili kinaurudisha uhuru katika maisha ya kila siku: hakuna cha kunyang'anywa, wala hakuna wa kudai. Tena kinafanya hivyo kwa umbo la methali, vipande viwili vinavyolingana, kila kimoja mizani nne. Huo ni ufundi wa mtu anayefikiri ndani ya lugha, na ni mfano wa tafsiri ya kifasihi ambao mwalimu wa Kiswahili angeweza kuutumia darasani.

Mfano wa pili ni Kidum, yaani Jean-Pierre Nimbona, mzaliwa wa Bujumbura aliyehamia Kenya wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993. Wimbo wake wa amani "Yaramenje" ni wa Kirundi. Baadaye, akiwa Nairobi, aliimba kwa Kiswahili "Haturudi Nyuma" pamoja na Juliana Kanyomozi wa Uganda, na "Nitafanya" pamoja na Lady Jaydee wa Tanzania. Kwa lugha ya kwanza alizungumza na Warundi kuhusu maafa yao. Kwa ya pili alizungumza na kanda nzima. Kizazi kilichofuata, akiwemo Big Fizzo, kimechanganya lugha hizo bila kuona haja ya kueleza sababu.

Mifano hii ina jambo moja la pamoja: sauti za Kiswahili za Bujumbura zilizojulikana zaidi zilijulikana kutoka Brussels na Nairobi. Waliopendwa nyumbani kwa nyimbo za Kirundi, kama Canjo Amissi wa "Ntacica nk'irungu" na Jean-Christophe Matata aliyefariki mwaka 2011, wana nafasi katika kumbukumbu ya taifa. Aliyeimba kwa Kiswahili alihesabiwa kwa urahisi kuwa wa muziki wa dunia au wa Kenya.

Kabati la pili

Upande wa Kiswahili nao una lawama. Historia ya wimbo wa Kiswahili imeandikwa kwa kufuata mhimili wa Lamu, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Mwanamuziki wa bara la magharibi huingia humo akihamia kwenye mhimili huo, kama Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alivyoingia alipokwenda Dar es Salaam mwaka 1978. Kiswahili cha ziwani, chenye matamshi na msamiati wake, mara nyingi kimeelezwa kama upungufu unaohitaji kusahihishwa. Lahaja inayoelezwa hivyo haitarajiwi kuwa na fasihi, na isiyotarajiwa haikusanywi.

Mapendekezo na hitimisho

Kwanza, redio ya taifa ya Burundi, inayotangaza kwa Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, isaidiwe kuorodhesha rekodi zake kwa lugha, mtunzi, mwaka na mtaa. Haraka inahitajika: Mei 2015 vituo kadhaa vya redio binafsi vya Bujumbura vilishambuliwa na kunyamazishwa, na kanda isiyo na nakala huangamia mara moja tu.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar iitambue fasihi simulizi ya mijini ya Bujumbura, Uvira na Bukavu kuwa sehemu ya utafiti wake, ikianza na wazee wa Buyenzi na Bwiza ambao bado wanazikumbuka nyimbo.

Tatu, mitaala ya Kiswahili nchini Burundi itumie nyimbo za Warundi kama matini za kufundishia, kwa ridhaa ya wenye haki na kwa malipo yanayowafikia.

Mwanafunzi wa Buyenzi anayefundishwa Kiswahili kama lugha ya jirani hufunzwa pia, bila kuambiwa, kwamba bibi yake hakuwa na lugha. Nyimbo za mji wake zinamjibu vingine. Kazi ya watafiti na washauri wa sera ni kuhakikisha kwamba bado zitakuwapo atakapozitafuta.