Triyaje: kwa nini kwenye urjansi mwenye alifika wa kwanza si lazima atunzwe wa kwanza

Kuna swali moja ambalo wasikilizaji wanaleta mara nyingi kwenye redio: «Nilifika asubuhi mapema na mtoto, nikapewa jetoni. Nyuma yangu wakaleta mwingine kwa moto, wakamwingiza mbele. Ni ndugu ya muganga, ao walitoa pesa?»

Kuna wakati upendeleo uko kweli, na tutaongea juu ya pesa hapa chini. Lakini mara nyingi jibu ni lingine: ni triyaje. Na kutojua triyaje kunaweza kuua, kwa sababu mzazi mwenye heshima anabaki kimya kwenye barza na jetoni mkononi, kumbe mtoto wake ndiye alipashwa kuingia mbele ya wote.

Triyaje ni nini

Neno linatoka kwa Kifaransa, maana yake ni kuchagua na kutenganisha. Historia yake iko kwenye vita. Dominique Larrey, muganga wa jeshi la Napoleon, anajulikana kwa kutunza majeruhi kufuatana na ukali wa kidonda, si kufuatana na cheo. Askari mdogo mwenye kuumia sana alipita mbele ya mkubwa mwenye kidonda kidogo.

Kwetu Kivu ya Kaskazini na Ituri, wengi walizoea neno hili wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020. Juu ya hiyo, hata leo mtu akisikia «triyaje» anafikiri hema, kupimwa joto na kunawa mikono. Ile ilikuwa kwa kutenganisha wenye kushukiwa Ebola na wengine. Triyaje ya kila siku ni kutafuta mgonjwa mwenye anaweza kufa akibaki kwenye foleni.

Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani (OMS) linaomba hospitali igawe makundi matatu:

- Wa kutunzwa pale pale: hapumui, ao anapumua kwa shida kubwa, midomo imegeuka rangi ya buluu, mikono ni baridi na moyo unapiga haraka na bila nguvu, hana fahamu, anashituka mwili (degedege), ameharisha mpaka macho yameingia ndani na amelegea.
- Wa kupita mbele ya foleni: mtoto wa chini ya miezi miwili, homa kali sana, viganja vimekuwa vyeupe, amekunywa sumu, ameungua sana, amekonda sana ao miguu yote miwili imevimba, ao ametumwa haraka na kituo kingine.
- Wa kungojea: wengine wote.

Kazi hiyo haiombi muganga wala mashine kubwa. Muuguzi mwenye amefundishwa anaangalia pumzi, anagusa mkono, anamwita mtoto jina lake. Inachukua muda mfupi kuliko kuandika fishi.

Matunda yake yanajulikana. Kule Malawi, kwenye hospitali Queen Elizabeth Central ya mji wa Blantyre, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipanga upya mapokezi ya watoto: wakafundisha wafanyakazi triyaje, wakaweka mahali pamoja pa kutunza wa haraka. Mbele ya hapo, kati ya watoto 100 waliolazwa walikuwa wanakufa 10 mpaka 18. Baadaye ikashuka hadi 6 ao 8. Hawakujenga hospitali mpya. Mpango wa kupokea wagonjwa ndio ulibadilika.

Nini inafanywa katika saa ya kwanza

Kuchagua bila kutunza hakusaidii kitu. Mgonjwa mkali akishapatikana, kuna mambo machache yenye inapashwa kuwa tayari usiku na mchana.

Oksijeni. Kimashine kidogo cha kubana kwenye kidole kinaonyesha kiasi cha oksijeni ndani ya damu. Kwa mtoto, chini ya 90 kwa mia anapashwa kupewa oksijeni. Familia zingine zinakataa, zinasema «wakikuwekea oksijeni ni kusema umekufa». Si kweli. Wengi wanakufa nayo kwa sababu walichelewa kuipata.

Sukari. Mtoto mwenye malaria kali, ao mwenye hajakula siku mbili, sukari ya damu inaweza kushuka mpaka anapoteza fahamu. Tone moja la damu linatosha kupima. Chini ya miligramu 45 kwa desilita anapewa sukari pale pale. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mpaka ni 54.

Artesunati. Kwa malaria kali, sindano ya artesunati ilichukua nafasi ya kinini. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2010 ulifuata watoto 5.425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwa ndani. Kati ya waliopewa kinini walikufa 10,9 kwa mia. Kwa artesunati ni 8,5 kwa mia. Tangu 2011 OMS inaomba watoto pia watunzwe na artesunati. Kumbuka: kisha sindano, lazima mgonjwa amalize vidonge vya siku tatu. Wengi wanaviacha sababu homa imekwisha, na ugonjwa unarudi.

Damu. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuishiwa damu kwa siku chache, na mama mzazi anaweza kuimwaga yote kwa saa chache. Damu haitengenezwe kwenye famasi. Inatoka kwa watu wazima na wazima wa mwili wenye wanakubali kutoa mbele ya shida kufika.

Serumu si dawa ya kila mtu

Hapa kwetu watu wanapima hospitali kwa serumu. Mgonjwa asipofungiwa chupa, familia inasema hajatunzwa. Lakini mwaka 2011 uchunguzi mwingine, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3.000 wenye homa kali na damu yenye haizunguki vizuri, ulishangaza waganga wenyewe. Watoto waliomiminiwa serumu nyingi kwa haraka walikufa 10,6 kwa mia katika masaa 48 ya kwanza. Wale ambao hawakumiminiwa hivyo walikufa 7,3 kwa mia.

Hiyo haihusu mtoto wa kuharisha ao kipindupindu: yule maji yamemtoka na anapashwa kurudishiwa bila kukawia. Lakini muuguzi akisema «huyu hapana serumu kwa sasa», usimlazimishe, wala usiende kumfungia kwenye famasi ya kichochoro.

Ni nini inakwamisha kazi

Ya kwanza ni njia. Mgonjwa wa kule ndani ya Masisi, Walikale ao Shabunda anaweza kubebwa kwa kipoyi siku nzima. Anapofika kwenye hospitali kuu ya zone ya afya, ile saa ya kwanza imekwisha kupita.

Ya pili ni umeme. Mashine yenye kutoa oksijeni kutoka hewani inazimika moto ukikatika. Hospitali yenye kujipanga inakuwa na chupa ya akiba, ao mitambo ya jua yenye batri.

Ya tatu ni watu. Usiku, muuguzi mmoja anaweza kuwa peke yake kwa chumba kizima, akitunza, akiandika, akitafuta ufunguo wa famasi. Pale triyaje inakufa, kwa sababu hakuna mwenye anabaki mlangoni.

Ya ine ni pesa. Mahali pengi familia inaombwa kutanguliza pesa mbele ya mgonjwa kuguswa. Hospitali nayo ina shida yake: inanunua dawa, na watunzaji wengi wanalipwa kwa pesa za wagonjwa. Lakini mpango mzuri ni kutuliza kwanza hatari ya kifo, kisha kuongea malipo na familia. Hospitali zenye zinafanya hivyo zinaweka sanduku la dawa za haraka pale urjansi, dawa inarudishwa kisha familia kulipa.

Siku ya majeruhi wengi

Wakati wa vita sheria inabadilika kidogo. Januari 2025 mjini Goma, hospitali kama CBCA Ndosho, yenye kusaidiwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa (CICR), zilipokea majeruhi wengi kupita vitanda. Siku kama hiyo waganga hawaulizi tu nani ameumia sana. Wanauliza nani ataokoka akipasuliwa sasa. Mwenye kuumia kupita uwezo wote anapewa dawa ya maumivu na mtu wa kukaa karibu naye. Ni uamuzi mzito, na familia nyingi hawausamehe. Lakini kushika chumba cha upasuaji masaa matano kwa mmoja mwenye hatapona kunaweza kuacha watatu wafe nje wenye wangepona.

Familia inaweza kufanya nini

- Njiani, mwenye hana fahamu asikalishwe katikati ya watu wawili kwenye moto: kichwa kinaanguka na pumzi inafungika. Alazwe kwa upande, kwa gari ao kipoyi.
- Anayeshituka mwili usimtie kijiko, mafuta wala dawa mdomoni.
- Kidonda chenye kumwaga damu, bana na kitambaa safi bila kuachilia. Usiweke majani wala udongo.
- Kwa moto ao maji ya moto, mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Hapana dawa ya meno.
- Mtu mzima mwenye mdomo umepinda na mkono umelegea ghafla, mwenye kifua kinambana, ao mama mwenye mimba anayetoka damu ao kuumwa kichwa sana na kuona giza: hao pia hawangojee jetoni.
- Beba karatasi ya kituo ulikotoka, na majina ya dawa zote alizopewa, hata za kienyeji. Hakuna mwenye atakukamata.

Na la mwisho ndilo kubwa. Nafasi kwenye foleni haifungwe na jetoni. Mtoto aliyekuwa wa kungojea saa mbili anaweza kuwa wa haraka saa tatu. Hali ikibadilika, simama, nenda mpaka mlangoni, useme kwa sauti kile unaona: «Mama muuguzi, mutoto iko anashituka», ao «haniitikii tena», ao «anatapika vyote, hanyonye». Hauhitaji kugombana wala kujua mtu ndani. Muuguzi mwenye kujua kazi yake ataacha kalamu na kuja kuangalia.

Na siku utakapoona mwingine anapita mbele yako, angalia kwanza pumzi yake.