Umulikasauti: Kwa Nini Nalikataa Jina la Maneno Matano

Faharasa mpya ya istilahi za elimu maalumu imenifikia. Ndani yake, ule ustadi wa mtu asiyeona kupiga kidoko kwa ulimi na kutambua ukuta, mlango au gari lililoegeshwa mbele yake umepewa jina la "ubainishaji wa mahali kwa mwangwi". Maneno matano, kwa tendo linalokwisha kabla hujamaliza kutamka la kwanza! Haya ni maelezo, si jina. Kamati iliyoyapitisha ilishika neno la Kiingereza, ikalichana kiungo kwa kiungo, kisha ikatafuta kisawe cha kila kipande.

Neno hilo la Kiingereza lenyewe halina ukongwe wa kutisha mtu. Donald Griffin, mtaalamu wa popo wa Marekani, alilibuni mwaka 1944 kwa kuunga neno la Kigiriki la mwangwi na la Kilatini la kuweka mahali, kwa sababu alitaka jina moja la kuwakusanya popo, vipofu na rada. Haja hiyo ilikuwa yake. Kiswahili hakidaiwi kuufuata mshono wake.

Na jina baya hupoteza watu. Mwaka 1749 mwanafalsafa Diderot aliandika habari za kipofu wa Puiseaux, Ufaransa, aliyedhaniwa kuhisi ukaribu wa vitu kwa hewa inayomgusa usoni. Baadaye ustadi huo ukaitwa "kuona kwa uso", na wataalamu wakahangaika na ngozi ya mashavu. Ni mwaka huohuo wa 1944 ambapo Michael Supa, mwenyewe asiyeona, pamoja na Cotzin na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, walimaliza ubishi: walipowafunika washiriki nyuso, waliendelea kutambua kizuizi, walipowaziba masikio, walikigonga.

Sasa kamati inatupeleka kwenye kosa jingine. Kwa Mswahili, mwangwi ni sauti inayorudi ukiwa umeshanyamaza, kama ya ng'ambo ya bonde. Lakini ukuta ulio mita 1 mbele huirudisha sauti kwa takriban sehemu 6 kati ya 1,000 za sekunde. Sikio haliwezi kuitenga sauti hiyo na kidoko chenyewe. Anachosikia mtu ni kidoko kilichobadilika sura: kimejaa, kimekauka, kimeelekea upande mmoja. Mwanafunzi aliyeambiwa asikilize mwangwi atasubiri kisichokuja. Isitoshe, hatambui mahali tu. Hutambua pia ukubwa wa kitu, umbo lake, na kama ni kigumu au laini.

Jina ninalolitetea ni umulikasauti, na kitenzi chake ni kumulika kwa sauti. Mulika ni neno la nyumbani, na jamaa zake wameenea mbali: Wagikuyu wana kũmũrĩka, Waganda wana okumulisa. Halilingani na angaza wala ng'aa. Jua huangaza, lakini halimuliki chochote kwa kusudi. Anayemulika ana chombo mkononi, anakielekeza, anatafuta. Kutoka shina hilohilo tumepata kimulimuli, mdudu anayetoa mwanga kwa vipindi, na hivyo ndivyo vidoko vinavyopigwa: kimoja, kituo kifupi, kingine. Wahenga walipotuusia kwamba anayemulika nyoka aanzie miguuni pake, walikuwa wanasema habari ya kuchunguza nafasi iliyo karibu nawe kwanza. Neno limebeba mtendaji, mwelekeo na kusudi. Katika yale matano ya kamati, mtendaji yuko wapi?

Wako wanaopendekeza "upapasaji wa mwangwi". Kupapasa ni kwa asiye na uhakika, na watu wasioona wametukanwa vya kutosha kwa kitenzi hicho. Mwingine, kwa kukipenda kidoko, ameunda "udoko", bila kukumbuka kwamba udoko tunao tayari, nao ni ulafi.

Nilipoliwasilisha jina la umulikasauti katika kikao cha kamati, nilijibiwa kwamba ni dhihaka kumpa asiyeona neno la mwanga. Jibu hilo liliniuma, na linaniuma bado, kwa kuwa lilitolewa na watu wenye macho bila kuwauliza wahusika. Daniel Kish wa California, aliyeondolewa macho yote mawili kwa saratani angali mtoto mchanga na ambaye sasa hufundisha ustadi huu, huuita kwa jina lenye mmweko wa taa ndani yake. Tena mwaka 2011 watafiti Thaler, Arnott na Goodale walichapisha uchunguzi wa watu wawili wasioona waliobobea: waliposikia rekodi za vidoko zenye sauti iliyorudi, ilichangamka sehemu ya nyuma ya ubongo, ile ambayo kwa wenye macho hushughulikia kuona. Kwa nini basi ubongo wao uruhusiwe kile ambacho lugha yetu inawanyima?

Kuhusu matumizi, mwalimu atasema "mulika kushoto, kuna nguzo", na asisahau kwamba fimbo nyeupe inabaki mkononi, maana shimo na ngazi ya kushuka havimulikiki vizuri kwa sauti. Mtendaji ni mmulikasauti, wingi wamulikasauti. Nimelipeleka jina hili tena kwa kamati, safari hii kwa maandishi.