Hesabu ya wajumbe: sauti ya Mbololo hupotelea wapi kabla ya siku ya kura?

UZI 🧵

1/ Msimu wa siasa ukikaribia utasikia: "Mtu wetu ana wajumbe wa kutosha, tiketi ni yake." Wadau, kabla hujapiga makofi, uliza: hao wajumbe ni akina nani, na ni nani aliandika majina yao? Historia yetu inaonyesha kwamba mambo mengi huamuliwa hapo.

2/ Watu hupenda kutaja Marekani. Kule mchujo wa urais huenda jimbo kwa jimbo. Mwaka 2016 chama kimoja kilikuwa na wajumbe 2,472, na wa kwanza kufikisha 1,237 ndiye angebeba tiketi. Hata ukiwa Voi ungefuatilia hesabu kwa simu, kwa sababu idadi ilijulikana mapema, kanuni za kugawa zilijulikana, na kura za kila jimbo zilitangazwa.

3/ Kwetu je? Machi 1966, Limuru. Wajumbe wa chama tawala walifuta cheo cha makamu mmoja wa rais wa chama, wakaweka makamu 8: mmoja kwa kila mkoa, pamoja na Nairobi. Aliyekuwa na cheo hicho akatoka, akaenda upinzani. Juni mwaka huohuo nchi ikaingia uchaguzi mdogo. Mkutano mmoja ulibadilisha siasa ya nchi nzima, na mpiga kura wa kawaida hakuulizwa kitu.

4/ 1988: mlolongo. Wanachama walisimama nyuma ya wagombea ubunge wao, mchana kweupe. Aliyepata 70% au zaidi alipita moja kwa moja, bila kura ya siri. Shida? Watu wakishatawanyika, huna karatasi ya kuhesabu upya. Kilichobaki ni tangazo la msimamizi. Malalamiko yalikuwa mengi kwamba foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu.

5/ Oktoba 2002, Kasarani. Wajumbe wa chama tawala waliitwa kumpitisha mgombea urais. Jina lilikuwa moja tu. Waliotaka kushindana naye walikuwa washajitoa. Akapitishwa kwa shangwe. Desemba 27, siku ya kura, akapata takriban 31% na mpinzani wake 62%. Ukumbi mzima ulikuwa wake, lakini nchi haikuwa yake.

6/ Tuje kwa sheria ya sasa. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2022 yanaruhusu mchujo wa moja kwa moja, yaani wanachama wenyewe wanapiga kura, au usio wa moja kwa moja, kwa mfano kupitia wajumbe. Zote ni halali. Lakini hiyo ya pili inahitaji uangalizi zaidi.

7/ Tufanye hesabu ya nyumbani. Kenya ina wadi 1,450 na maeneo bunge 290. Taita Taveta ina wadi 20 na maeneo bunge 4. Tuseme chama kinatoa wajumbe 3 kwa kila wadi: kaunti yetu inapata 60 kati ya 4,350. Tuseme badala yake kinatoa 10 kwa kila eneo bunge: tunapata 40 kati ya 2,900. Piga hesabu: zote mbili ni karibu 1.4%. Hakuna tofauti, sivyo?

8/ Tofauti ipo, na ni kubwa. Kwa mpango wa kwanza, Mbololo ina wajumbe wake 3. Kwa mpango wa pili, wale 10 ni wa eneo bunge zima la Voi, lenye wadi 6: Mbololo, Sagalla, Kaloleni, Marungu, Kasigau na Ngolia. Kama kanuni haisemi kila wadi ipate mtu, wote 10 wanaweza kutoka mjini, na Mbololo ibaki na sifuri. Kaunti haijapoteza chochote kwa karatasi. Wewe umepoteza.

9/ Kwa hivyo, chochote chama chako, uliza tawi lako mambo matatu MAPEMA:
▪️ Wadi yetu ina wajumbe wangapi?
▪️ Walichaguliwa lini, na nani?
▪️ Orodha tunaweza kuiona wapi?
Na angalia kwenye eCitizen kama umesajiliwa chama, na chama gani. 2021 Wakenya wengi walishtuka kujikuta kwenye vyama wasivyovijua.

10/ Kutoka Voi hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Mjumbe akipanda basi au SGR kwenda kupitisha mgombea urais kwa jina la Mbololo, angalau Mbololo imjue ni nani. Ukingoja mpaka aanze safari, umechelewa.

Mtumie mwenzako wa kule juu Mbololo. Tawi lako lilishakuonyesha orodha? Tuambie hapo chini, bila matusi na bila kutaja watu.