Ng'ombe, Kambale na Bamba la Ruvuma

Wazee wa pwani walisimulia kuwa dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, ng'ombe kasimama juu ya jiwe, na jiwe limebebwa na samaki aitwaye Chewa. Shingo ikimchoka, ng'ombe huihamishia dunia pembe ya pili, nasi tukatetemeka. Fahali na samaki hao wamo pia katika kitabu cha maajabu cha al-Qazwini, cha karne ya 13, kwa hiyo yaelekea hadithi ilitufikia kwa jahazi. Wajapani wana Namazu, kambale aliyebanwa kwa jiwe na mungu wa Kashima. Mungu akizembea, kambale hufurukuta. Baada ya tetemeko la Edo la 1855 zilichapishwa picha tele za kambale huyo, nyingine zikionyesha mafundi seremala wakimshukuru kwa kuwapatia kazi. Ucheshi wa namna hiyo sijausikia kwa ng'ombe wetu.

Ng'ombe huyo anashindwa kueleza unachokiona ukishuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay. Juu ni miteremko mikali ya Wamatengo, wanaofyeka majani, wakayapanga miraba na kuyafukia kwa udongo wa katikati, hadi mlima mzima ukajaa mashimo ya ngoro yanayozuia maji yasiporomoke na shamba. Chini ni Ziwa Nyasa, mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini lenye kina cha mita 700. Sakafu yake imezama chini ya bahari. Hapa nchi imepasuka. Mashariki ya ufa kuna bamba dogo, yaani kipande cha tabaka gumu la nje la dunia, ambalo wanajiolojia wamelipa jina la mto wetu, Ruvuma. Linaachana na bamba kubwa la magharibi kwa milimita chache tu kwa mwaka.

Japani mambo ni kinyume. Bamba la Pasifiki linazama chini yake kwa sentimita 8 hivi kwa mwaka, na linazama na maji ya bahari yaliyonaswa miambani. Kwenye kina cha kilomita 100 hivi maji hayo hukamuliwa, yakapanda kwenye miamba yenye joto kali iliyo juu na kuifanya iyeyuke kwa urahisi. Ndiyo asili ya mlolongo wa volkano kuizunguka Pasifiki.

Kwetu hakuna maji ya kukamua. Nchi ikivutwa hukonda, miamba ya chini hupanda, uzito unaoikandamiza hupungua, ikayeyuka. Hayo yametokea Rungwe, zinapokutana pande za bonde la ufa za Rukwa, Usangu na Nyasa. Liuli na Lituhi, huku ufukoni mwa Nyasa, hayakutokea: gamba la dunia bado ni nene, na mvuto ni mdogo.

Ng'ombe hutikisa dunia yote sawasawa. Hajui Kyejo, volkano ya Rungwe, wala Liuli. Kambale ana afadhali, maana ana mahali pake. Ila mimi nawapa ushindi Wanyakyusa wa Rungwe, ambao masimulizi yao yalihifadhi kumbukumbu ya moto wa Kyejo, nao wanasayansi wakaukadiria kuwa wa mwaka 1800 hivi.

Huku kusini kinachotisha si moto. Desemba 2009 Karonga, ng'ambo ya ziwa, ilitikiswa kwa wiki kadhaa. Nyumba zilianguka na watu wakafa, bila volkano yoyote kulipuka. Mbamba Bay iko kwenye bonde hilohilo, na huko nako watu hujenga kwa matofali ya kuchoma bila nondo.